Inavuta kushoto, inalowa oili, inagonga: kupima shokapu za mbele kabla ya kununua pikipiki ya zamani

SWALI: Nipo Tabata. Nimeonyeshwa Honda XL125 ya zamani, ya breki za dramu, na bei imenivutia. Nilipoijaribu niliona mambo matatu. Nikilegeza mikono inavuta kushoto. Shokapu ya mbele upande wa kulia imelowa oili mpaka chini. Nikishika breki ya mbele nasikia "ko" mikononi. Muuzaji anaapa haijawahi kuanguka. Fundi wa kwanza kasema shokapu zimepinda, zipelekwe kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani zikanyooshwe. Wa pili kasema nitupe zote nifunge za Bajaj Boxer. Nimsikilize nani?

JIBU: Kwa sasa usimsikilize yeyote, muuzaji akiwemo. Mambo matatu uliyoyaona huenda hayahusiani hata kidogo. Kuvuta upande kuna sababu zake, kulowa kuna zake, na ule mlio wa "ko" una zake, na nyingi kati ya hizo ni za pesa ndogo kuliko shokapu. Ila kipo kitu cha nne ambacho hukukitaja, nacho ndicho kitakachoamua ununue au uondoke: shingo ya fremu, lile bomba fupi la mbele linaloshika usukani. Shokapu zinapatikana madukani. Shingo iliyopinda au yenye ufa haina duka.

Tuelewane kwanza kwenye majina, maana kila gereji ina yake. Bomba ni lile la juu lenye kromu. Mguu ni ule wa chini wa aluminiamu unaopanda na kushuka juu ya bomba. Vishikio ni zile pembe mbili, cha juu na cha chini, zinazobana mabomba na kuyaunganisha na shingo. Ndani ya shingo kuna koni na gololi zinazouwezesha usukani kuzunguka.

Rudi kwa muuzaji asubuhi kukiwa na mwanga, ukiwa na mtu wa kukusaidia. Beba tochi, rula ya chuma ya sentimita 30, uzi wa mwashi kama mita 8, pamba, mafuta ya taa kidogo kwenye chupa, kipande cha chaki, na kipande cha kioo cha milimita 5 chenye ukubwa wa kama sentimita 10 kwa 25. Mafundi wa madirisha ya aluminiamu wana mabaki ya vioo kibao. Mwombe akusugulie kingo zisikukate.

Tuanze na kuvuta kushoto. Barabara zetu zimeinuliwa katikati ili maji yakimbilie mtaroni, na sisi tunaendesha kushoto. Pikipiki nzima kabisa ukiilegezea mikono kwenye Barabara ya Mandela itateremkia kushoto, kwa sababu lami yenyewe imelala kushoto. Kwa hiyo jaribio ulilofanya barabarani halijathibitisha kitu. Tafuta uwanja tambarare usio na watu, nenda kilomita 30 kwa saa, legeza vidole bila kuachia usukani, kisha geuka urudi ulikotoka. Ikivuta kushoto ukienda na kulia ukirudi, kosa ni la ardhi. Ikivuta kushoto kote kote, kosa ni la pikipiki.

Hata hapo usirukie shokapu. Angalia kwanza tairi la mbele kama limelika upande mmoja. Angalia kama tairi la nyuma limekaa sawa: alama za kukazia mnyororo kwenye pikipiki ya umri huu haziaminiki, hivyo pima kwa uzi kutoka pale mkono wa nyuma (ule unaobeba tairi la nyuma) unapoungana na fremu hadi katikati ya ekseli, upande huu na ule. Tofauti ya milimita 3 au 4 inatosha kuifanya itembee upande. Halafu funga ule uzi wa mwashi nyuma ya tairi la nyuma, chini ya vikanyagio, uulete mbele pande zote mbili ukigusa tairi la nyuma sehemu mbili, mpaka upite tairi la mbele. La mbele ni jembamba kuliko la nyuma, kwa hiyo usukani ukinyooka nafasi kati ya uzi na tairi lazima ilingane kushoto na kulia. Sasa simama mbele utazame. Tairi likiwa sawa na nyuzi lakini usukani umekaa upande, shokapu zimejisokota. Tairi likiwa limesogea lote kuelekea uzi mmoja, kuna kitu kimepinda kwa ubavu, au rimu haijakazwa katikati.

Hapo kwenye kujisokota ndipo wengi wanapoliwa pesa. Pikipiki ikianguka taratibu, kwa mfano kwenye mchanga wa Goba au ikiteleza kwenye tope la masika, mara nyingi hakuna kinachopinda. Mabomba huteleza tu ndani ya vishikio, usukani ukabaki unatazama huku na tairi kule. Tiba yake ni spana na dakika 20. Legeza kidogo boliti za vishikio vyote viwili, ekseli, na boliti za madigadi. Nasema legeza, maana ukizifungua sana mabomba yatapanda juu kwa uzito wa pikipiki. Simama mbele, bana tairi katikati ya magoti, vuta usukani mpaka ulingane. Kaza ekseli, shika breki ya mbele ubonyeze shokapu mara tano au sita ili kila kitu kikae mahali pake, ndipo ukaze kishikio cha chini, kisha cha juu, mwisho madigadi. Ukikaza vishikio kabla ya kubonyeza, unaifungia pikipiki kosa lile lile. Na wakati uko hapo, angalia vichwa vya mabomba vinavyojitokeza juu ya kishikio cha juu: vyote viwe kimo kimoja.

Kama kusokotwa kumerekebishwa na bado inavuta, sasa tafuta kupinda. Mpigo wa mbele kwa mbele hupinda mabomba mahali pamoja takriban kila mara: chini kidogo tu ya kishikio cha chini, kwa sababu hapo ndipo mkono mrefu wa shokapu unapoishia na chuma kilichobanwa kinapoanzia. Vua au pandisha mipira ya kukunjamana inayofunika bomba, pangusa bomba, ulaze ile rula kwa urefu mbele ya bomba, kisha ubavuni, ukimulika tochi kutoka nyuma. Mwanga ukipenya katikati au mwishoni mwa rula, bomba limepinda. Tazama pia kromu yenyewe upande wa nyuma wa bomba: ikiwa na mikunjo midogo kama ngozi ya kiwiko, bomba lilikunjwa, hata kama mtu amelinyoosha baadaye.

Kisha chukua kioo. Kilaze kikiwa kimegusa mabomba yote mawili kwa pamoja, chini ya kishikio cha chini, ukibonyeze kona moja baada ya nyingine. Kisipocheza, mabomba yako kwenye ubapa mmoja. Kikicheza "tik tik" kama meza yenye mguu mfupi, ama vishikio vimesokotwa ama bomba moja limepinda. Kipimo hiki hakikwambii ni lipi kati ya hayo, lakini hakidanganyi kwamba lipo jambo.

Mlio wa breki sasa. Weka kreti la soda chini ya injini, kwenye chuma kigumu na si kwenye ekzosi, tairi la mbele linyanyuke. Mwenzako ashike miguu yote miwili ya shokapu kule chini karibu na ekseli, aivute na kuisukuma mbele na nyuma. Wewe weka kidole kwenye upenyo kati ya kishikio cha chini na shingo. Ukihisi mchezo hapo, koni zimelegea au zimelika. Hamishia kidole pale bomba linapoingia mguuni. Ukihisi kugonga hapo, mguu au bushi (pete iliyo kati ya bomba na mguu) zimelika, na hapa kuna habari mbaya kidogo: shokapu nyingi za pikipiki ndogo za zamani hazina bushi ya kubadilisha, bomba linateleza moja kwa moja kwenye aluminiamu. Mguu ukishalika unabadilishwa wote. Mchezo mdogo sana ni kawaida kwa umri wake. Kinachotafutwa ni kugonga.

Bado tairi likiwa juu, geuza usukani polepole kwa kidole kimoja kutoka kona hadi kona. Uzunguke kama unapita kwenye siagi. Ukifika katikati ukanasa kidogo, kama unaoingia kwenye kijishimo na kupenda kukaa humo, gololi zimechimba vikombe vyake. Hilo hutokana na kugongwa, au miaka mingi ya matuta bila grisi. Kukaza nati hakutibu. Kunahamisha tu ugonjwa, usukani unakuwa mgumu na pikipiki inayumba kwenye foleni. Dawa ni seti nzima ya koni na gololi. Hesabu gololi za juu na za chini wakati wa kufungua, maana idadi inaweza kutofautiana, na fundi mwenye haraka huzigawa anavyojua.

Kama vidole havikuhisi kitu, shusha pikipiki, kamata breki ya mbele, itikise mbele na nyuma huku mwenzako akitazama sahani ya dramu, ile inayobeba breki shuu. Sahani hiyo inazuiwa isizunguke na kijino cha chuma kwenye mguu mmoja wa shokapu. Mfereji wa sahani unaoshika kijino hicho ukilika, kila ukishika breki sahani inazunguka kidogo kisha inagonga kijino: "ko". Wengi hubadilisha koni mara mbili kabla ya kulitazama eneo hili.

Kulowa oili ndiyo dalili inayowatisha wanunuzi kuliko zote, na kwa kweli ndiyo nyepesi kuliko zote, mradi ujue imetoka wapi. Sili ni mpira wa kuzuia oili isitoke pale bomba linapoingia mguuni, inachoka. Lakini ikiwa mpya na bado inavuja, sababu huwa moja kati ya nne: kromu ina mashimo ya kutu, bomba limepinda, mchanga umekaa chini ya mdomo wa sili, au mtu amejaza oili kupita kiasi.

Mashimo ya kutu yana tabia ya pwani. Pikipiki iliyolala miaka Kigamboni au Kunduchi inakula chumvi ya hewani, na ile mipira ya kukunjamana, ambayo kila mtu anaiona ni kinga, huhifadhi maji na vumbi ndani kama chungu. Ndiyo maana usikubali kununua bila kuipandisha. Pitisha ukucha juu na chini ya bomba, kisha pitisha pamba. Pamba ikiacha nyuzi, hapo pana shimo. Sasa uliza: shimo liko mahali sili inapopita, au juu zaidi? Funga mpira wa kufungia noti kwenye bomba, usukume mpaka uguse sili, panda, shika breki kwa nguvu, pita tuta moja. Mpira utabaki pale sili ilipofika. Kutu iliyo juu ya hapo ni ubaya wa sura tu. Iliyo chini ya hapo itachana sili mpya ndani ya wiki chache. Shimo moja au mawili madogo unaweza kuyasafisha, ukayajaza gundi ya epoksi, ikikauka ukasugua kwa msasa namba 1000 wenye oili mpaka ukucha usihisi kitu. Bomba lenye chunusi nyingi lisikupotezee muda.

Mchanga ni rahisi kuliko yote. Inua kifuniko cha vumbi kwa bisibisi nyembamba, kata kipande cha filamu ya zamani ya eksirei upana wa sentimita 2 chenye kijindoano, kiingize kati ya sili na bomba, uzungushe mzima. Ukitoa punje za mchanga na uvujaji ukakoma siku mbili tatu, umeokoa bei ya sili. Ila angalia oili ilikomea wapi: inayoteremka mguuni huishia kwenye sahani ya dramu. Breki shuu zilizolowa oili hazisafishwi kwa petroli zikapona. Zinabadilishwa.

Sasa shingo. Hapa tumia muda mwingi kuliko kwingine kote.

Toa uchafu wote pale ambapo mabomba ya fremu yanaungana na shingo, hasa upande wa chini, penye bamba la pembetatu la kuimarisha. Mpigo uliopinda bomba la shokapu umepitia hapa. Tafuta rangi iliyopasuka kwa mstari, rangi mpya mahali pamoja tu wakati fremu nzima imechakaa, pati (ile ya kujazia mibonyeo) chini ya rangi, na welding isiyofanana na ya kiwandani. Welding ya kiwandani ni nyembamba na ina mwendo mmoja; ya mtaani mara nyingi ina mabonge. Tazama vituo vya usukani, yale masikio madogo yanayozuia usukani usizunguke kupita kiasi: vikiwa vimekunjwa au vimevunjika, tairi la mbele liligonga kitu kwa nguvu. Tazama tanki, pande zote mbili, kama kuna mbonyeo pale shokapu au usukani unapoweza kufika. Muuzaji anaweza kuapa, tanki haliapi.

Ukiona mstari unaoutilia shaka, paka mafuta ya taa mahali hapo, yaache dakika 10, pangusa mpaka pakauke kabisa, kisha pakaza unga wa chaki uliosagwa laini. Subiri, piga shingo taratibu na kipini cha bisibisi. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki nyeupe, mwembamba kama unywele. Mkwaruzo wa kawaida hauchori kitu.

Mahali hapo hapo, kwenye shingo, ndipo namba ya chesesi hugongwa. Ilinganishe tarakimu kwa tarakimu na kadi ya usajili ya TRA, mamlaka ya mapato. Shingo iliyochomelewa na namba iliyosuguliwa au kupakwa pati ni mambo mawili yanayopenda kutembea pamoja, na la pili litakupeleka polisi hata kama pikipiki inaendeka.

Kwa hiyo: ukikuta ufa, welding ya shingo, au shingo iliyoegemea upande, achana nayo, hata akishusha bei nusu. Ukikuta shingo salama, rudi mezani. Kilichobaki chote kinanunulika, na kila kosa uliloonyesha kwa kidole ni hoja ya kupunguza bei.

Hoja ya fundi wa kwanza, kunyoosha. Kupima bomba kikamilifu kunataka litolewe. Livingirishe juu ya kioo kinene, bushi kama ipo ikiwa nje ya ukingo, na upime upenyo mkubwa kabisa kwa fila geji, vile visahani vyembamba vya kupimia upenyo. Vitabu vya Honda na Yamaha huweka ukomo wa milimita 0.2, na Yamaha huonya wazi usilinyooshe bomba la ndani kwa sababu linadhoofika. Mtu wa presi mwenye mkono mzuri anaweza kulirudisha bomba lililopinda kidogo likaonekana sawa, lakini chuma kilichokwisha kunjwa mara moja kitakunjika tena kirahisi, hapo hapo, na hapo ni chini ya mikono yako. Akitaja moto wa gesi, chukua bomba lako uondoke: moto unaua ugumu wa chuma na kromu inabanduka. Vishikio vilivyosokotwa na ekseli iliyopinda navyo ni vya kubadilisha. Ekseli ipime kwenye kioo hicho hicho, ukomo ni ule ule.

Hoja ya fundi wa pili, za Boxer. Inawezekana kuzifunga, na wapo wanaotembea nazo, lakini ujue unachobadilisha. Unene wa bomba lazima ulingane na tundu la vishikio, la sivyo unabadilisha vishikio na nguzo ya shingo pia. Urefu ukipungua, pua ya pikipiki inashuka na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. La hatari zaidi ni kile kijino cha sahani ya dramu: mguu wa shokapu nyingine ukikosa kijino kinachoingia kwenye mfereji wa sahani yako, breki ya kwanza ya nguvu itaizungusha sahani, ikate kebo, na tairi linaweza kukwama. Kijino cha kuchomelea kwenye aluminiamu usikikubali.

Kilicho bora ni mabomba mawili ya modeli na mwaka wa pikipiki yako, mapya au ya mtumba. Nenda Kariakoo na bomba lako mkononi. Pima kipenyo kwa vernia (kipimo chenye taya), linganisha urefu na nyuzi za juu, kisha mwombe mwenye duka ulivingirishe juu ya kaunta yake ya kioo. Atanung'unika, ila atakubali. Sili zina tarakimu tatu, mfano 31×43×10.3: kipenyo cha ndani, cha nje na kimo. Soma zako kwenye sili ya zamani, usikadirie kwa macho.

Wakati wa kufungua, legeza boliti ya chini ya mguu kabla ya kutoa kifuniko cha juu, springi ikiwa bado inasukuma; bila hivyo kila kitu ndani kitazunguka pamoja na boliti. Kifuniko kikiwa na valvu, toa upepo kwanza. Kifungue tairi likiwa hewani na uso wako ukiwa pembeni, springi hurusha kifuniko. Oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ikitoka na vumbi linalometameta, aluminiamu ya mguu inalika. Ikitoka nyeusi na nzito, mtu alimimina oili ya injini, na huenda ugumu wote uliouhisi mikononi ni huo tu. Osha kwa mafuta ya taa, kausha. Funga nailoni laini kwenye ncha ya bomba ili sili isichanike ikipita, na uigonge sili mahali pake kwa kipande cha bomba la PVC chenye upana wake. Weka washa mpya ya shaba kwenye boliti ya chini.

Oili ya shokapu ya 10W, kiasi cha kila upande kama kitabu cha modeli yako kinavyosema. Pima kwa chupa ya mtoto yenye alama za mililita, kila upande peke yake, baada ya kumwaga yote ya zamani. Kosa la kawaida ni kuongeza upande uliovuja tu kwa kukisia: mguu mmoja unakuwa mgumu, mwingine laini, na mgumu unasukuma oili nje ya sili yake mpya. Ukishakaza kila kitu kwa ule mpangilio wa ekseli, kubonyeza, kishikio cha chini, cha juu, tembea kama kilomita 300, kisha rudia jaribio la kidole kwenye shingo. Koni mpya hulegea kidogo zikishakaa, na kukazwa mara moja hapo kunatosha.